Radhi Iliyofungwa kwa Gundi

Sogeeni, enyi mliokusanyika. Walio nyuma na waje mbele. Zizimeni simu zenu kwa kitambo, kwa maana neno hili linazihusu. Mwenye sikio na alitege.

Hapo zamani, zamani isiyo mbali, simu zilikuwa kama viatu vya wana wa Israeli jangwani: zilitembea miaka na hazikuchakaa. Simu ilianguka kisimani, ikaopolewa, ikafunguliwa kwa ukucha, betri ikaanikwa, na jioni ikaita. Nyakati hizo ndipo Osmund Komba alipoanza ufundi wa simu pale Songea. Kisha zikaja simu nyembamba, zimegandishwa kwa gundi pande zote kama kaburi lililotiwa muhuri. Kila mwaka gundi ilizidi ukali, na kila mwaka Osmund alizidi kuwarudishia watu simu zao akisema, "Haifunguki." Macho yake yalichoka. Mgongo wake ulichoka. Moyo wake nao, tuseme kweli, ulikuwa umechoka.

Asubuhi moja alimjia Mama Adelhelma, mjane wa miezi mitano, akaweka mezani simu iliyoumuka kama andazi. Osmund akauliza imepatwa na nini. Mama akaeleza kwamba ilikuwa haikai na chaji, naye akaianika juu ya bati siku mbili, pamoja na betri za tochi, kama alivyozoea.

"Mama, hii si tochi."

"Mwanangu, ningejuaje? Betri ni betri."

Kisha akamfunulia lililomleta. Binti yake Gaudensia aliolewa bila ridhaa ya babaye, na kwa miaka tisa baba na binti hawakusemezana. Siku mbili kabla ya kukata roho, mzee aliomba simu. Mama akaiwasha irekodi, akatoka nje kama alivyoamriwa, kwa kuwa mzee aliagiza asisikie mtu kabla ya Gaudensia. Mama alitii. Sasa Gaudensia amefika, na basi lake linaondoka alasiri. Maneno yamo humo, na hakuna ajuaye: ni radhi, au ni laana?

Osmund aliijua njia ya gundi ile. Unaipasha joto kidogo, ukaiacha, ukaipasha tena; ni kazi ya siku nzima, na betri iliyovimba haitaki papara. Akamwomba mama arudi kesho. Mama hakubisha. Alikaa tu kwenye benchi, mikono mapajani, akiitazama simu kama mtu anayemtazama mgonjwa. Osmund akashindwa kuvumilia. Akaongeza moto, akapenyeza kisu. Betri ikatoboka, moshi ukapanda, miali ikaruka. Na alipokwisha kuizima kwa mchanga, palibaki kipande cheusi kisichokuwa na sauti tena.

Wakati huo Gaudensia akaingia na kaka yake Kanisius, muuza simu, aliyempa mama simu ile. Wakaelezwa. Gaudensia hakulia. Alisimama kama Esau mlangoni pa hema la babaye, mikono mitupu, akauliza ni nani aliyemfanyia hivi.

"Ni mimi niliyeianika," mama akasema.

"Hapana, mama," Kanisius akasema. "Mimi ndiye niliyekunyang'anya kiswaswadu chako, simu ya vitufe ya miaka kumi na miwili, nikakupa hii. Nilijua haifunguki. Ndizo zinazotoka dukani. Mnunuzi haulizi itatengenezwaje. Anauliza inapiga picha vipi." Akamgeukia Osmund. "Lakini wewe, fundi, kila siku unatunanga sisi wauzaji. Leo kisu kilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mkononi mwangu," Osmund akajibu polepole. "Gundi sikuipaka mimi. Ila papara ni yangu."

Gaudensia akainamisha kichwa. "Nilipigiwa simu baba alipougua. Nikasema nitakuja mavuno yakiisha."

Muda ulipofika, Gaudensia aliokota kile kipande cheusi, kingali na joto, akakifunga kwenye pindo la khanga, akaenda kupanda basi bila kujua amebeba baraka au laana.

Haya, ndugu zangu, amueni. Mama alikosa kwa kutojua, na mwanawe muuza simu akijua. Fundi alikosa kwa huruma, binti kwa uchungu wa miaka tisa. Na mzee je, aliyeona ni vyepesi kulikabidhi neno lake la mwisho kwa chombo kuliko kumtuma mtu akamwite mwanawe? Je, nani alistahili kuubeba mzigo ule?

Msijibu upesi. Tazama kwanza ulichoshika mkononi, ukumbuke uliuliza nini siku ulipokinunua. Geukeni. Kitengenezeni kilichovunjika kingali kinafunguka, na neno la radhi lisemeni leo, kwa kinywa.