Pimbi Aliyemwazima Twiga

Paukwa!
Pakawa.
Uwanja?
Wa vumbi.
Mpira?
Wa kikapu.
Mchezaji?
Wa kwetu.

Hapo zamani za kale palikuwa na shule mbili. Shule ya Mbugani ilikuwa ya Nyati na Viboko, wengi hata vumbi lao halitui. Shule ya Majabalini ilikuwa ya wadogo, na timu yake ya kikapu ilikuwa na wachezaji watano tu, wa akiba hakuna. Nahodha wao alikuwa Pimbi.

Siku moja Mzee Tembo, mkuu wa elimu, akatangaza: "Mtacheza. Majabalini wakishinda, wabaki na shule yao. Wakishindwa naifunga, watoto wao wahamie Mbugani."

Pimbi akawaza wanawe katikati ya kwato zile. Hakula, hakukaa. Akapanda jabali, akashuka. Akapanda tena, akashuka. Akapanda mara ya tatu, ndipo akamwona Twiga, mpita njia, anatafuna majani.

"Kaka Twiga, tuchezee siku moja tu. Migunga yetu yote ule utakavyo."

"Mimi nikishiba sina neno," akasema Twiga.

Sasa watano ni watano. Pimbi akamwendea Kwale.

"Dada Kwale, vua jezi. Leo ukae pembeni."

"Kapteni, nimefanya mazoezi nanyi tangu masika."

"Najua. Lakini wewe mfupi mno."

Na Pimbi mwenyewe urefu wake mnaujua!

Jezi haikupita kichwani mwa Twiga, akaitundika sikioni. Mpira ukaanza. Twiga akatia. Akatia tena. Akatia tena. Majabalini wakashangilia, ila Pimbi hakutulia, macho huku, macho kule.

Korongo, mwamuzi, akapuliza filimbi. "Wewe mrefu, hebu imba wimbo wa shule yako."

Twiga akatafuna.

"Imba."

Twiga akameza.

"Imba, bwana."

"Mimi nilikuja kula," akasema Twiga.

"Basi ni mamluki," akasema Korongo. Akamtoa uwanjani, na vikapu vyake vyote akavifuta.

Wakabaki wanne. Jezi ya Kwale ilikuwa chini vumbini. Pimbi akaiona, akaona haya, akageuza uso. Wakacheza wanne hao hao. Wakapita chini ya matumbo ya Nyati, wakapokonya, wakatia, wakakimbia ndimi nje. Filimbi ya mwisho ikalia. Wamepungukiwa kikapu kimoja.

Pimbi akaenda nyuma ya goli apate kulia. Akamkuta Kwale amesimama.

"Dada, kumbe hukwenda nyumbani?"

"Niende vipi, na wanangu wanasoma hapa? Nilikuwa hapa hapa, kapteni. Nangoja uniite."

Asubuhi watoto wa Majabalini wakashika njia ya Mbugani, mama zao wakitembea kandokando kuwakinga na kwato.

Ndiyo maana nawaambia: usiache mbachao kwa msala upitao. Mchache wako ndiye wako.

Hadithi yangu imeishia uwanjani. Ikiwa nzuri, ni yetu sote. Ikiwa mbaya ni ya Twiga, naye keshashiba, kajiendea.