Ua wa Miiba Mlimani

Nisikilizeni, mlio karibu na moto. Mkunde alikuwa akipepeta ulezi mumewe alipofika na habari: "Mama Sangiwa, kondoo wekundu wa mwitu wamekufa wote."

Ni Mkunde mwenyewe aliyeugawa mlima kwa ua wa miiba, kondoo wekundu huku, weusi kule, kama atengavyo mbuzi wake wasigombee malisho. Zimwi la mlima lilimkanya mara tatu: "Weusi hula majani marefu, wekundu huwafuata wakala machipukizi. Waache pamoja."

Mara tatu alilijibu, "Mifugo utanifundisha wewe?"

Basi wekundu walikufa njaa, majani yamewafika shingoni. Mkunde akaung'oa ua kwa mikono. Weusi wakapita, wakasimama kuwasubiri wenzao.

Jioni akapakua ugali, akahesabu watoto. Wote watano walikuwapo.

"Kuleni," akasema. "Mimi nitawafuata baadaye."