Matanga ya Mwenye Upanga

Mtu wa kwanza kuisimulia hekaya hii ni Bi Rukia binti Athmani, shangazi yake baba, mwaka 1961, katika hitima ya mumewe. Alisema hivi.

Hapo zamani Sultani Haji wa Tunduni alikuwa na nyumba nzima ya kuwekea vitu vya kale. Katika mji wake alikaa fukara mmoja, Makame Kigae, asiye na mali ila kiwanja na ulimi. Basi Makame akichimba choo, ikawa jembe limegonga upanga wa shaba, wa tangu watu hawajajua chuma.

Sultani akauchukua, akatangaza kuwa ni wa babu yake, na kwamba kiwanja alichofia babu vitani ni chake yeye Sultani pia. Makame akalalamika kuwa yeye na mkewe hawana pengine pa kulala.

Sultani akasema, "Niletee mtu mmoja mwenye kuaminika, amkane babu yangu hadharani. Asipopatikana kufikia kesho magharibi, hama."

Nani angethubutu? Na hiyo kesho ilikuwa harusi ya Sultani.

Asubuhi Makame akasimama langoni, akaangua kilio kwamba Sultani amefiwa na babu. Desturi ya mji ni kwamba kilio hakiulizwi, huitikiwa. Basi wanawake wakatandika majamvi, wapiga zumari wakanyamazishwa, pilau ya harusi ikawa ya matanga. Sultani akatoka na joho lake, akauliza huu ni wazimu gani.

"Pole, bwana wangu," akasema Makame. "Babu hakuliliwa. Mwenye kupata habari leo hulia leo. Vua joho, ukae jamvini."

Sultani akasema marehemu ni wa kale mno. Bikizee mmoja akamkemea kuwa hana haya, babu hata hajapoa. Mara akaja mjumbe wa mkwewe, kuuliza kama harusi ingoje arobaini.

Hapo Sultani akapaza sauti, "Huyu si babu yangu! Simjui, wala sina ukoo naye."

Makame akafuta machozi yasiyokuwako. "Jamaa, mmesikia. Bwana alitaka mtu wa kuaminika amkane. Yuko wa kuaminika kuliko yeye?"

Sultani akakaa ngazini, akacheka hata kilemba kikamdondoka. Kiwanja kikarudi kwa mwenyewe, na waombolezaji wakacheza harusi.

Sultani amekwisha kufa, na Makame na mkewe vilevile. Bi Rukia yu hai. Akiulizwa mwenye upanga alikuwa nani, husema hamjui, asije akatakiwa kupikia matanga yake.