Kwa Nini Mbwa Huzunguka Kabla ya Kulala

Zamani mbwa alilala kama gogo. Jua likizama alijitupa penye joto la jiko, bila kunusa wala kuzunguka, na hakufumbua jicho mpaka jogoo awike. Ungeweza kumruka, kumkanyaga mkia, hata kumwagia maji; yeye kimya. Hakuna aliyemlaumu.

Siku hizo, kwenye miteremko ya Upare, aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa, pamoja na mumewe Senkoro na mama mkwe wake. Nakijwa alikuwa amezika watoto wawili nyuma ya migomba. Wa tatu, msichana, alizaliwa mvua ikinyesha, wakamwita Nambua. Alikuwa amefikisha miezi mitano, na bado mama yake alikuwa akimwekea kiganja puani kila mara, aone kama anapumua.

Walikuwa na mbwa mweusi, jina lake Mkaa. Masika ya mwaka ule Mkaa alibadilika. Alijilaza mahali pake pa siku zote kando ya jiko, akaruka kama aliyeunguzwa. Akazunguka, akajilaza tena, akaruka tena. Kesho yake akalihama jiko kabisa. Mchana alisinzia vipande vipande, masikio yamesimama. Giza likiingia alisimama karibu na ngozi aliyolazwa mtoto, akaukodolea macho udongo, manyoya ya shingo yamemsimama. Watu walitazama pale alipotazama, wasione kitu.

Siku ya nne, asubuhi, mama mkwe aliweka mwiko chini.

"Mwanangu," alimwambia Senkoro, "mbwa akikataa malazi yake, ujue anamtafutia mtu kaburi. Hebu angalia anaposimama."

Macho ya Senkoro yalikwenda kwenye rungu lililoegemea ukutani.

"Niachie leo tu, Baba Nambua," Nakijwa akasema. "Labda anaumwa."

"Leo tu. Nikirudi jioni, namaliza."

Senkoro na mama yake wakaenda shambani. Nakijwa alibaki na mtoto na mbwa, na kusema kweli huruma ilikuwa imemwisha. Kilichobaki ni hofu. Kila alipogeuka aliikuta pua ya Mkaa imesogea karibu zaidi na mtoto. Mwishowe akachukua kamba ya mkonge, akamtoa nje, akamfunga kwenye mwimo wa mlango. Nambua alikuwa usingizini. Chemchemi haikuwa mbali. Nakijwa akajitwika mtungi, akashuka.

Mtungi ulikuwa nusu aliposikia Mkaa akibweka. Hakubweka kama anayeona mgeni. Sauti ilipanda, ikapanda, mpaka ikawa kama kilio cha mtu. Kisha ikakatika. Nakijwa aliuacha mtungi majini, akakimbia. Miguu iliteleza kwenye tope, akaanguka, akainuka, na yale makaburi mawili madogo hayakumtoka machoni.

Mlangoni alikuta kamba imetafunwa. Ndani alisikia mchakacho mdogo, kama manyunyu juu ya majani makavu ya mgomba. Sakafu ilikuwa inatembea. Siafu walikuwa wakifoka kutoka shimoni kando ya jiko, palepale palipokuwa malazi ya Mkaa, wakitiririka kwa upana wa mkono. Kuku aliyekuwa akiatamia pembeni alikuwa amebaki manyoya. Mkondo ulielekea kwenye ngozi ya mtoto, na hapo Mkaa alikuwa akizunguka, akizunguka, akikanyaga na kung'ata, miguu yake haionekani kwa siafu.

Nakijwa alimnyakua mtoto, akatoka naye mbio. Aliwachomoa siafu nyweleni, masikioni, kwenye mikunjo ya shingo. Nambua alipiga chafya, kisha akalia kilio kikubwa cha hasira, na mama akashukuru kukisikia. Alimlaza juu ya jiwe kavu, akarudi ndani, akamburuta mbwa kwa shingo. Hata hapo Mkaa alikuwa bado anajaribu kuzunguka.

Waliporudi wale wa shambani walimkuta Nakijwa ameketi uani, mtoto mapajani, anaondoa siafu miguuni mwa mbwa. Miili ilikatika, vichwa vikabaki vimeng'ang'ania nyama.

"Alikuwa anawasikia kwa tumbo," Nakijwa alisema bila kuinua uso. "Siku zote nne walikuwa chini yake. Na mimi nikamfunga."

Mama mkwe akakaa chini, akaushika mguu wa pili, akaanza kuchomoa.

Mkaa alipona, lakini usingizi wake wa zamani haukurudi tena, na watoto wake walizaliwa bila huo. Tangu masika yale mbwa hajilazi kabla hajazunguka na kukanyaga mahali pake, hata kama ni sakafu ya saruji. Hulala kidogo kidogo, sikio moja juu, na mara nyingine utamwona amefumba macho huku miguu inapiga mbio. Usimwamshe, bado yuko kazini. Na huko milimani, mbwa akibadili malazi ghafla, hakuna anayelitazama rungu. Watu huwainua watoto kwanza, kisha hufunua mkeka.