Fito za Tumboni mwa Bi Tabia

Ufa uzibwao kwa udongo mtupu huzibwa mara mbili. Mmemsikia shangazi yenu akiisema methali hii jikoni, mkaniuliza imetoka wapi. Sogeeni, wajukuu zangu. Ina mwenyewe, na mwenyewe ni Bi Tabia wa Kwedimbwi.

Bi Tabia na mumewe Semkiwa walikuwa mafundi wa nyumba za udongo. Semkiwa alisimamisha nguzo na kufunga fito. Bi Tabia alikanyaga udongo na kukandika. Baada ya kujifungua kitinda mimba wake kwa upasuaji, kovu lililegea, utumbo ukawa unasukuma kutoka ndani kama ngumi chini ya ngozi. Hospitali wakasema ni henia, wakamshona kwa uzi. Miaka miwili haikuisha, ngumi ikarudi, kubwa kuliko ya kwanza. Kila alipotaka kukohoa, Semkiwa alimshikia tumbo kwa kiganja, hata mbele za watu, wala hakuona haya.

Siku moja uvimbe uliuma ukakataa kurudi ndani, Bi Tabia akatapika mchana kutwa. Ulipolegea, Semkiwa akampeleka hospitali.

"Safari ijayo utumbo unaweza kunasa ukaoza, na utakufa nao," alisema daktari, binti aitwaye Eshe. "Tukushone tena, ila uzi peke yake hautoshi. Tutakuwekea wavu."

"Wavu? Kwani mimi dagaa?"

"Ni kitambaa cha nyuzi za plastiki, mama. Kitakaa humo humo maisha yako yote."

Bi Tabia akakaza kanga yake. "Baba Hiza, twende nyumbani. Mwili wangu haupangishi."

Semkiwa hakubishana. Alisema polepole, "Tukienda, nitakushika njia nzima. Ila naogopa, Mama Hiza. Naogopa kubaki peke yangu."

Bi Tabia akaiachia kanga. Daktari naye hakumharakisha. Alitoa kipande cha mfano akamwekea mkononi. Kilikuwa chepesi, kimejaa vitundu. Bi Tabia akakipapasa kwa vidole vilivyozoea kuta, akapenyeza ncha ya ukucha kwenye kitundu kimoja.

"Vitundu hivi vya nini?"

"Nyama yako itaota ipite humo, ishikamane nacho."

Bi Tabia akamgeukia mumewe. "Unaikumbuka nyumba ya mwalimu?"

Angeisahau vipi? Ukuta ulipasuka kwa sababu fito zililiwa na mchwa. Wao, kwa kukimbizana na mvua, wakaujaza ufa udongo mtupu. Kabla ya wiki mbili ukadondoka wote, wakaanza upya.

"Mimi nami hospitali walinijaza udongo mtupu," akasema Bi Tabia. "Hizi ndizo fito."

"Na kwa mwalimu uliniambia nifunge fito, nikakuita mwoga," akasema Semkiwa. "Nisamehe."

Daktari Eshe alicheka, kisha akamweleza kweli yote: wavu nao unaweza kuingia usaha au kuleta maumivu, na henia inaweza kurudi, ila mara chache kuliko kwa uzi peke yake. Bi Tabia alisikiliza mpaka mwisho.

"Leta fomu nitie dole gumba," akasema.

Akapasuliwa, akapona taratibu. Alikatazwa kubeba kizito kwa miezi kadhaa, basi Semkiwa akakandika mwenyewe, mkewe ameketi kwenye kigoda akimwelekeza, na majirani wakizicheka kuta zake zenye matuta. Siku moja mwenye nyumba akamhimiza Semkiwa, "Fundi, ziba tu huo ufa, mvua inakuja!"

Aliyemjibu ni Bi Tabia. "Ngoja afunge fito, mwanangu. Mimi nimezibwa mara mbili, najua uchungu wake."

Watu wakacheka, kisha wakampisha Semkiwa afunge, maana wote walikuwa wamemwona alivyougua. Neno lile likatoka pale likatembea vijiji. Hata leo, ndugu waliogombana wakipatanishwa kwa soda na tabasamu, na kilichowagombanisha hakijaguswa, wazee hutazamana wakasema: ufa uzibwao kwa udongo mtupu huzibwa mara mbili.