Kitambaa Kilichokataa Kulala

Wapendwa, fungeni vitabu vya nyimbo kidogo, tupumzishe shingo. Nataka niwapeleke kwa mama mmoja aliyeishi katika mji wa nyanda za juu, kule ambako mwezi wa Juni watu huingia kanisani na makoti na kutoka nayo. Jina lake sitalitaja. Nikilitaja kila mmoja ataangalia benchi la jirani, na leo nataka kila mtu aangalie la kwake.

Mama huyu alikuwa mtu wa watu. Mwenyekiti wa akina mama ni yeye, mwalimu wa watoto wa shule ya Jumapili ni yeye. Msiba ukitokea mtaani, kabla turubai halijafungwa, yeye ameshafika na mwiko kwapani. Harusi hivyo hivyo. Ukimwuliza, "Mama, unapumzika lini?" anacheka na kusema, "Nitapumzika nikifa." Mmelisikia hilo neno? Wangapi humu ndani tunalisema? Na tunalisema kwa majivuno, tukitaka tupongezwe.

Basi mama huyu akapata uvimbe shingoni, ule ambao wengi wetu tunauita rovu. Ulianza mdogo, akaufunika kwa skafu. Ukakua, skafu ikashindwa. Ukafika mahali ambapo akilala chali unamkaba, ikabidi alale ameegemea mito mitatu, nusu amekaa. Daktari wa hospitali ya wilaya akaupapasa, akasema, "Mama, huu si ule ugonjwa unaouogopa. Lakini lazima utoke kabla haujaziba njia ya hewa."

Akapangiwa siku ya upasuaji. Siku ilipofika, nesi akamfunga mkanda wa kupimia presha, akaitazama mashine, akapima tena. Mia na tisini juu ya mia na kumi. Daktari akasema hampandishi mtu kitandani na presha ya namna ile. Akaongezewa vidonge, akarudishwa nyumbani. Baada ya wiki tatu akaja tena, presha haijashuka, akarudishwa mara ya pili. Safari hii daktari hakumficha. "Vidonge vinafanya kazi yake, mama, lakini wewe mwenyewe hutulii. Nakupa mwezi mmoja. Tafuta kitu cha kukupumzisha, kwa sababu huu uvimbe hautusubiri."

Akainuka, akauchukua mkoba wake. Alikuwa amepika kwenye misiba ya watu wengi, na kwa mara ya kwanza akajiuliza ni nani atakayeshika mwiko kwenye wake. Aliogopa, ndugu zangu. Aliogopa sana, na hakumwambia mtu.

Nesi ndiye aliyemfuata mpaka mlangoni. "Mama, umewahi kufuma? Mimi nikitoka zamu nachukua sindano ya kroshia, nafuma vitambaa vyangu vya makochi. Kichwa kinatulia kabisa." Mama akaona hilo si gumu. Akapitia dukani, akachukua donge la uzi mweupe na sindano ile yenye kikulabu kichwani, akaenda moja kwa moja kwa bibi mmoja, jirani yake.

Bibi huyu alikuwa fundi wa kroshia tangu ujana wake. Nyumbani kwake kila kitu kilikuwa kimevaa kitambaa: makochi, redio, birika la chai, hata kalenda ukutani ilikuwa na pindo. Meno ya juu hayakuwepo hata moja, kwa hiyo maneno yake mengine ilibidi uyazoee kwanza. Lakini mikono yake ilikuwa haijazeeka. Akamketisha mama kibarazani, akamwonyesha namna ya kutengeneza kitanzi, kukivuta ndani ya kitanzi kingine, na kuzunguka.

Mama akafuma kitanzi cha kwanza, kikatoka vibaya. Cha kumi kikatoka vizuri. Alipokuja kuinua kichwa, jua lilikuwa limehama kutoka magotini hadi kwenye ukuta, na simu ilikuwa imeita mara saba ndani ya mkoba bila yeye kuisikia. Saa mbili nzima hakuwa ameikumbuka shingo yake. Alirudi nyumbani akitembea polepole, akashangaa kuona kwamba ana furaha.

Mngedhani hadithi imeishia hapo, sivyo? Mama kapata dawa yake, tumshukuru Mungu, tuimbe. Lakini huyu alikuwa mtu wa kanisa, kama sisi, na mtu wa kanisa akipewa raha huitafutia kazi. Siku ya tatu akaanza kujisikia vibaya. Watu watanionaje, mtu mzima nimekaa kibarazani na uzi? Nikiulizwa nafanya nini, nitasema nini? Jumapili ya wiki ile ile akasimama kwenye matangazo ya akina mama, akaahidi kitambaa kipya cha altari, kingine cha mimbari, na vitambaa kumi na viwili vya makochi ya mwinjilisti. Akarudi nyumbani akaongeza na sita vya mkwewe. Akaandika orodha, akaibandika jikoni juu ya kabati la vyombo.

Kuanzia hapo hakufuma tena kibarazani. Alifuma huku akikoroga uji. Alifuma kwenye vikao, akihesabu mizunguko kwa midomo wakati wenzake wanaomba. Na mkono ukaanza kubana. Kila kitanzi alikivuta kama mtu anayefunga mzigo juu ya baiskeli. Kitambaa cha altari kikafika ukubwa wa sahani, na badala ya kulala mezani kikaanza kuinua kingo. Akakipiga pasi, kikalala, akageuka kuchukua chai, kikainuka. Akakilowesha, akakinyoosha kwa pini, kikainuka tena na pini zake. Kilikuwa kimekuwa bakuli. Na siku za hospitali zilikuwa zimebaki kumi na tatu.

Akakibeba hadi kwa Bibi, machozi yako karibu. Bibi alikuwa kibarazani anaota jua. Akakipokea kile kitambaa, akakigeuza, kisha akakivaa kichwani kama kofia.

"Imenienea," akasema. "Ni ya mchungaji?"

"Bibi, hiki ni kitambaa cha altari," mama akasema. "Kimekataa kulala."

Bibi akakivua, akakipapasa kwa dole gumba. "Mkono umebana, mwanangu. Uzi hauna mahali pa kukaa. Pumua."

Mama akaona ni kweli, hata hospitalini walimwambia hivyo. Akavuta pumzi, akaitoa.

"Pumua," Bibi akarudia.

Akavuta nyingine, ndefu zaidi, akafumba macho.

"Yote, mwanangu. Usiogope. Pumua yote mpaka mwanzo."

Mama hakuelewa vizuri hilo la mpaka mwanzo, lakini alitii. Akaishusha pumzi iliyokuwa imekaa chini kabisa ya tumbo, ambayo nadhani ilikuwa imekaa pale tangu daktari alipomrudisha nyumbani mara ya kwanza. Mabega yakashuka. Vidole vikaachia. Na pumzi ilipotoka, machozi nayo yakatoka, akalia pale pale kibarazani bila kujificha uso.

Bibi akamtazama kwa mshangao. "Sasa unalilia nini? Uzi haupotei. Nimekwambia pumua. Hebu tazama." Akaishika ncha ya uzi, akavuta. Mama akafumbua macho, akaona kitambaa cha altari kinakwenda mzunguko baada ya mzunguko, na kazi yake ya siku nyingi imelala mapajani kwa Bibi ikiwa uzi mtupu.

Mmeelewa, wapendwa? Bibi hakuwa anamwambia apumue. Alikuwa anamwambia *afumue*. Lakini ile *f* inahitaji meno ya juu, na Bibi hakuwa nayo. Jaribuni wenyewe hapo mlipo, semeni "fumua" bila meno kugusa mdomo. Mnaona? Wazee wa benchi la mbele hata hawakuhitaji kujaribu.

Mama alipong'amua, kilio kikageuka kicheko. Alicheka mpaka akashika ubavu, na Bibi, bila kujua kinachochekwa, akacheka naye. Walipotulia, Bibi akamwuliza jambo. Maneno yake kuanzia hapa nitayasema kwa meno yangu, ili tusipotezane.

"Altari ilikuomba kitambaa?"

"Hapana, Bibi."

"Mwinjilisti alikuomba?"

"Hapana."

"Mkweo je?"

Mama akatikisa kichwa.

"Basi chukua huu uzi ufume, na usimfumie mtu. Ukimaliza, fumua, ufume tena."

"Kwa faida gani, Bibi?"

Bibi akasogea kumpisha kwenye jua. "Umekaa hapa na mimi, mgongo wako unapata joto, umecheka. Unataka faida gani nyingine?"

Mama alikwenda pale kila siku alasiri. Alifuma duara, akalitazama, akalifumua. Alifuma ua, akalifumua. Katikati ya siku hizo kukatokea msiba mtaa wa pili. Aliyeushika mwiko ni mtu mwingine, na wali uliiva. Akasimama kwenye matangazo ya akina mama kusema kwamba vile vitambaa alivyoahidi havitakuwepo. Wakatazamana. Mmoja akauliza, "Vitambaa gani?" Hakuna aliyekuwa anakumbuka. Mama akakaa chini na hakujua acheke au anune, kisha akaamua kucheka.

Siku ya hospitali ikafika. Akakaa kwenye benchi akifuma, akaitwa, akafungwa mkanda. Nesi akaitazama mashine. Akaufungua mkanda, akahamia mkono wa pili. Halafu akatoka, na pale, ndugu zangu, mama alishika pembe ya kiti. Nesi akarudi na daktari. Daktari akapima mwenyewe. Mia na thelathini juu ya themanini.

"Mama," daktari akasema, "tunaingia leo."

Nesi, kwa furaha yake, akamwomba aone kazi. "Mwezi mzima umefuma nini, mama? Hebu nionyeshe." Mama akafungua mfuko, akatoa donge la uzi. Donge lile lile alilonunua, ila sasa lilikuwa limefubaa kwa kushikwashikwa.

"Nimefuma hili," akasema.

Uvimbe ulitoka. Asubuhi ya tatu wodini, nesi alimkuta amelala chali, mto mmoja tu chini ya kichwa, mdomo wazi, anakoroma. Hakumwamsha. Alisimama pale akamsikiliza anavyovuta hewa, akaona raha, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Sasa tuseme sisi. Kwanza, dawa mama alikuwa anameza. Msiende nyumbani mkatupa vidonge mkasema mchungaji kasema tufume. Pili, najua mzee mmoja ameshaniandalia swali: mchungaji, huo si uvivu? Mzee wangu, mvivu anakwepa kazi yake. Huyu mama alikuwa anakwepa nini? Alikuwa anakwepa kukaa. Alidhani akikaa tu, mikono mitupu, bila cha kuonyesha, Mungu atamwuliza wewe ni nani. Na sisi je? Si ndivyo tunavyodhani? Tunakimbia kutoka kikao hadi kikao, tunafika nyumbani tumenuna, watoto wanatupisha njia, tunaita hiyo utumishi. Mungu asiyechoka aliacha kazi siku moja nzima. Sisi tunaochoka tunaona aibu kuacha saa moja.

Na hata raha ndogo anayotupa, tunaigeuza mzigo kabla haijapoa. Kwaya yetu hii ilianza na watu wanne waliokuwa wanaimba kwa kupenda tu, wakitoka shambani. Leo ina katiba, sare tatu, na makundi mawili yasiyosalimiana. Nani alituomba? Nawauliza kwa upendo, kama Bibi alivyouliza. Yule mama alikuwa anabeba mizigo ambayo hakuna mtu aliyekuwa anaikumbuka, na ilibaki kidogo imuue. Wewe unabeba ipi? Ukiitua leo, nani atagundua? Inauma kujibu, najua. Lakini mkishajibu mtaona jinsi mabega yanavyopata nafasi.

Nami nisiwe wa kuwahubiria ninyi tu. Mwezi ujao tuna Siku ya Mapumziko ya Familia, mnaikumbuka. Kwa ajili ya siku hiyo ya kupumzika nimeunda kamati kuu moja na kamati ndogo tano, na zote sita zilikuwa zikutane leo baada ya ibada, mpaka saa kumi. Jana nilikaa na ile orodha ya majina, nikamwonyesha mke wangu, akaniuliza kama ninajisikia vizuri.

Nimezivunja zote sita. Nendeni nyumbani, mkale chakula kikiwa cha moto.