Mshika Mtaa wa Kisimani

Fumbo hili nimelibeba miaka mingi, na sijalitegua. Nimelipeleka harusini, nimelipeleka matangani, nimelitua mbele ya watu waliosoma kuliko mimi na mbele ya watu ambao hawakusoma kabisa. Kila nilipolitua niliondoka nalo zima kama nilivyokuja nalo. Leo nalitua kwenu. Nisikilizeni mpaka mwisho, na nikimaliza msinigeukie mimi kutaka jibu.

Hapo zamani, na si zamani ile ya kuku kuwa na meno, bali zamani ya karibu, malori yamekwisha kuingia, palikuwa na kisiwa cha karafuu. Katika kisiwa hicho palikuwa na mtaa uitwao Kisimani. Wanaume wa Kisimani walikuwa watu wa safari, mwezi huu wapo, mwezi ujao hawapo. Mtaa ulikuwa mikononi mwa wanawake. Na wanawake hao walikuwa na desturi yao: kila mwaka, kabla karafuu hazijaanza kuchumwa, walikwenda mandari. Walifunga masufuria na vyakula, wakatafuta mahali penye kivuli na maji, wakapika, wakaimba, wakacheka mpaka mbavu zikawauma, kisha wakarudi.

Lakini mtaa hauachwi mtupu. Kuna mgonjwa, kuna kikongwe, kuna kuku, kuna mzazi ambaye hajatoka arobaini. Basi kila mwaka mwanamke mmoja alibaki. Walimwita mshika mtaa. Na mshika mtaa, mwaka nenda mwaka rudi, alikuwa yuleyule: Bi Mkasi.

Hakuna aliyemteua. Mara ya kwanza alibaki kwa sababu mama mkwe wake alikuwa hajiwezi. Mara ya pili alibaki kwa sababu mara ya kwanza alibaki vizuri. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Wenzake wakirudi humkuta na chai tayari, wagonjwa wameoga, kuku wamelala, nao humketisha wakamhadithia waliyoyaona. Hivyo ndivyo Bi Mkasi alivyokijua kisiwa chake, kwa masikio.

Mwaka mmoja wanawake walikuwa wamekaa uani kwake wanachagua mchele. Wakaona Bi Mkasi anatupa punje na kubakiza mawe. Wakatazamana. Mmoja akamwondolea ungo taratibu. Bi Mkasi akacheka, akasema siku hizi mawe yamekuwa meupe, yanapendeza. Kisha akaacha kucheka.

"Nasikia kuna fungu la mchanga linatoka baharini maji ya bamvua yakikauka," alisema. "Mtu anasimama katikati ya bahari na nguo yake kavu. Ningependa kuliona hilo, kabla macho hayajafunga kabisa nikawa mtu wa kuhadithiwa kila kitu."

Hakuomba zaidi ya hapo. Lakini kabla mchele haujaingia chunguni lilikuwa limekwisha kukubaliwa: mwaka huu si mandari ya mti mmoja na kurudi. Mwaka huu watakizunguka kisiwa, kituo kwa kituo, walale huko, na Bi Mkasi atakaa mbele, karibu na dereva, pahali pa bibi harusi.

Mtaa ukachangamka. Palikuwa hapana mlango usiozungumza safari. Walibishana juu ya sare ya kanga siku nzima, wengine wakitaka nyekundu, wengine wakitaka ya kijani, mpaka mmoja akasema kijani asivae mtu, mbuzi wa kaskazini hawana adabu. Walibishana kama waende na ngoma mbili au moja. Waliokuwa hawasemezani walijikuta wanasemezana, maana huwezi kumnunia mtu utakayepakiwa naye gari moja.

Sasa wajueni wanawake watatu, kwa kuwa bila wao safari ingebaki maneno.

Wa kwanza ni Hidaya. Yeye hakuzaliwa Kisimani, aliolewa hapo kutoka Mkanjuni, upande wa pili wa kisiwa, na tangu kuolewa alikuwa hajarudi kwao. Hidaya ndiye aliyeipanga njia. Alisema wafike kwanza kwenye fungu la mchanga, maji yakiwa chini, maana maji hayamsubiri mtu. Kutoka hapo waende kwenye mnara wa taa, kaskazini. Kutoka hapo wakalale Mkanjuni kwa mama yake. Asubuhi warudi kwa njia ya mikarafuu na waoge kwenye chemchemi. Wenzake walimtania kwamba njia hii imepinda makusudi ili ipite kwa mama. Hakukana. Alisema njia iliyonyooka haina mikate ya kumimina.

Wa pili ni Bikombo, ambaye ukimsikia hujamwona bado, kwa sauti. Yeye ndiye aliyelipata lori. Lori lilikuwa la kaka yake, Makame, mtu wa kubeba karafuu, ambaye hupenda lori lake kuliko jamaa zake. Bikombo alimfuata asubuhi, akamfuata jioni, akamfuata msikitini akamngoja nje, mpaka Makame akachoka. Lakini alitoa sharti, akaapa juu yake: lori haliondoki bila Bikombo ndani, ili wanawake wakianza kupiga ngoma juu ya mabati ya lori lake awepo wa kumgombeza.

Wa tatu ni Zuwena, mtu mzima, mpole. Katika kisiwa kile hupiti mlangoni kwa jamaa yako bila kuonja chakula chake. Ukipita umemtukana. Na wanawake wa Kisimani walikuwa na jamaa kila kijiji. Ukikubali kula kwa mmoja umemkasirisha wa jirani, ukila kwa wote hufiki uendako. Zuwena ndiye aliyekwenda kwa miguu kijiji kwa kijiji akapatanisha: huyu atatoa chai, huyu atatoa chakula cha mchana, huyu ataridhika kupitiwa mlangoni na kuombewa dua. Aliwaahidi wote kwamba atakayepokea sahani zao ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Shangazi yake wa karibu na mnara alikwisha kutenga mbuzi.

Njia tayari, lori tayari, milango tayari. Siku chache kabla ya safari, Mwatime akajifungua.

Mwatime alikuwa msichana aliyeolewa mwaka ule, hana mama. Mzazi mchanga haachwi peke yake, huogeshwa kwa maji ya moto, hukandwa, hupewa uji wa pilipili manga, na mlango wake huwa na mtu. Mzee Faki, baba wa mtaa, alisema wanawake waende wote, wanaume wachache waliopo watashika mtaa. Akaulizwa kama na mzazi atamkanda yeye. Mzee akachukua fimbo yake akaenda zake.

Kuahirisha hakukuwezekana. Bamvua likipita, lori linaanza kubeba karafuu, na macho ya Bi Mkasi hayakuwa yakingoja msimu mwingine.

Wakakutana uani. Macho yote, kwa mazoea tu, bila ubaya, yakamwendea Bi Mkasi. Naye akaanza kulifungua furushi lake la safari alilokwisha kulifunga, fundo baada ya fundo.

Hidaya akamzuia mikono. Hapo maneno yakaanza, na kila mmoja akasema kwa nini yeye si wa kubaki. Hidaya alisema mama yake amezeeka na amekwisha kuambiwa mwanawe anakuja. Bikombo alisema asipopanda yeye hapandi mtu, kiapo cha kaka yake wanakijua. Zuwena alisema ametoa ahadi kwa mdomo wake milango yote, na ahadi ni uso wa mtu. Kila dai lilikuwa la kweli. Kadiri yalivyozidi kuwa ya kweli, ndivyo Bi Mkasi alivyozidi kuinama.

Mlango wa Mwatime ulikuwa unatazama ua huohuo. Akasema kutoka nyuma ya pazia, na sauti yake ilikuwa bado ya mgonjwa:

"Mama zangu, mnanigawa kama mzigo ulioachwa njiani. Mimi sitaki mtu aliyebakishwa. Nataka aliyebaki. Kama hayupo, nitakaa na mwanangu."

Wakaondoka mmoja mmoja, bila kuamua lolote, ila jambo moja: Bi Mkasi atapanda lori.

Alfajiri lori likaja. Wanawake wakapanda na masufuria na ngoma, mbili, maana mabishano yale hayakupata mshindi. Bi Mkasi akaketishwa mbele, sare mpya, mafuta ya karafuu, mikono juu ya magoti. Makame akawasha lori. Akageuka kumtazama dada yake. Dada yake hayupo. Wakamtafuta Hidaya wa kuonyesha njia. Hayupo. Wakamtafuta Zuwena. Hayupo.

Mnadhani walikuwa wapi?

Hidaya aliingia kwa Mwatime na ndoo ya maji ya moto, akamkuta Bikombo anakoroga uji. Hawajamaliza kushangaana, Zuwena akasukuma mlango kwa kiwiko, kuni kifuani. Kila mmoja alikuwa ameamka kwa siri, kila mmoja amejiona peke yake, na kila mmoja, alipowaona wenzake, alikasirika kidogo kama mtu aliyeibiwa.

Nje honi ikalia. Maji yalikuwa yanashuka, na yakishuka hupanda.

Hidaya akasema, "Nendeni nyinyi. Njia nimemfundisha Makame, kona kwa kona. Mama amezoea mimi kutokuja. Mimi nilijifungua hapa Kisimani bila mama karibu, na aliyekuwa mama yangu siku ile ni Bi Mkasi. Huyu Mwatime ni mimi. Anayejua baridi ya kujifungua bila mama ndiye abaki."

Bikombo akasema, "We shoga, usinililie. Mimi kila mandari ndiye ninayecheka kuliko wote, ndiye ninayerudi nimepoteza sauti, na sijauliza hata mara moja nani kabaki. Aliyekula furaha nyingi kuliko wenzake ndiye abaki. Kaka yangu niachieni, nitamtukana mpaka aondoke."

Zuwena akaziweka kuni chini kwanza.

"Mara ile ya pili," alisema, "Bi Mkasi alikuwa amekwisha kuvaa kanga ya kutokea. Aliyesema tusihangaike kutafuta wa kubaki, Bi Mkasi yupo, ni mimi. Nilikuwa bibi harusi, nilitaka gari liondoke. Mnakumbuka mazoea, hamkumbuki yalipoanza. Aliyeyaanzisha ndiye abaki. Shangazi na mbuzi wake watanisema, na wanayo haki."

Nimeyapima madai haya zaidi ya mara moja. Nikilishika la Hidaya naona ni la huruma, na huruma hujua njia. Lakini hapo namwona mama mmoja Mkanjuni amekaa mlangoni, anamhesabu kila mwanamke anayeshuka garini. Nikilishika la Bikombo nalicheka, kisha naacha kucheka, kwa kuwa wengi wetu tunafurahi bila kuuliza nani kabaki, na ni yeye tu aliyelitamka. Lakini kaka yake aliapa, na mtu akivunja kiapo asubuhi, nani atathubutu kupanda gari lake siku mbili? Nikilishika la Zuwena naona kosa limekuja lenyewe kujilipa. Lakini najiuliza: neno moja la bibi harusi ni kosa, au ni kosa la wote waliolisikia wakapanda gari? Na wenyeji wa vijiji vile wamemkosea nini yeye mpaka waaibike kwa ajili yake?

Honi ikalia tena. Ndani ya lori Bi Mkasi alikuwa amekwisha kuelewa. Wanawake wa nyuma waliuona mkono wake ukipapasa mlango, unatafuta kitasa. Makame naye aliuona. Mtu yule aliyependa lori kuliko jamaa alishuka upande wake, akazunguka, akauegemea mlango wa Bi Mkasi kwa nje kwa mgongo wake wote, akatazama mbali kama mtu anayepumzika. Bi Mkasi akasukuma. Makame hakusogea.

Basi, neno likaamuliwa, na aliyeliamua ni Mwatime. Alijiinua kitandani, mtoto begani, akawatazama wale watatu kwa muda mrefu kuliko honi ilivyopenda. Akasema wawili watoke, mmoja abaki. Akataja jina moja.

Jina hilo nalijua. Silitaji, kwa sababu kila nilipolitaja wasikilizaji waliacha kufikiri wakaanza kukubali.

Wawili walitoka mbio, kanga zinapepea, wakavutwa juu kwa mikono, na ngoma zote mbili zikaanza kabla lori halijafika barabarani. Walifika maji yangali chini. Bi Mkasi aliongozwa kwa mkono mpaka katikati ya fungu, bahari huku na bahari huku, upindo wa nguo yake mkavu. Akauliza Kisimani kuko upande gani, akageukia huko, akatazama kwa yale macho aliyonayo.

Na huko Kisimani, lori lilipokwisha kuondoka, Mwatime hakumwachia mtu mwingine kulitekeleza neno lake. Alikwenda mlangoni mwenyewe, polepole, mkono mmoja umemshika mtoto, na kwa mkono wa pili akatia komeo. Ndani walikuwa mzazi, mtoto, na mshika mtaa mpya.

Nyinyi mmewasikia wote watatu. Je, aliyestahili kubaki nyuma ya komeo lile ni nani?